Kuahirisha kwa Kiingereza: "postpone", "put off" na wenzake

Kwa Kiswahili, kesi, harusi, mtihani na mechi vyote huahirishwa, na yameisha. Kiingereza kina maneno mengi zaidi, na ukichagua lisilofaa msikilizaji anaweza kufika siku ambayo siyo.

"Postpone" ni neno rasmi: kuna mtu ameamua kwamba jambo lisifanyike siku iliyopangwa, lifanyike baadaye. Kombe la Mataifa ya Afrika la Ivory Coast lilipangwa kuchezwa Juni na Julai 2023, likaahirishwa hadi Januari 2024 kukwepa msimu wa mvua. Hiyo ni "postponed". "Delay" ni kuchelewa au kuchelewesha, na mara nyingi hakuna aliyetaka iwe hivyo. Ndege ikiondoka saa mbili baada ya muda wake imekuwa "delayed by two hours". Mashabiki wa mpira wajue pia kwamba "postponed" ni mechi ambayo haikuanza, yaani kiporo. Iliyoanza ikavunjika ni "abandoned".

"Put off" lina maana ileile ya "postpone", ila ni la mazungumzo na hubeba harufu ya uvivu au woga. Mtu anayejua jino limeoza na bado anasema "wiki ijayo", huyo "keeps putting it off". Usilichanganye na "call off", ambalo ni kufuta kabisa. Maneno "put off", "postpone" na "delay" yakifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huchukua "-ing": sema "I postponed going", si "I postponed to go".

Mtego mkubwa uko kwenye mbele na nyuma. Sisi tukisema mkutano umesogezwa mbele, tunamaanisha utakuwa baadaye. Kwa Kiingereza, "bring forward" ni kinyume chake: mkutano wa Ijumaa unakuja Jumatano. Kuupeleka baadaye ni "push back" au "put back", yaani kwa maneno yao unarudishwa nyuma! Ukitafsiri neno kwa neno umepotea. "Move forward" ni balaa zaidi, kwa sababu hata wenye lugha yao hawakubaliani. Watafiti wamewauliza: mkutano wa Jumatano "has been moved forward two days", utakuwa lini? Wengine hujibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Ushauri wangu: liache, andika tarehe. Wahindi wamejiundia "prepone" kwa maana ya kuwahisha, neno zuri sana, ila London au Chicago unaweza kukodolewa macho.

Kuna na "table". Mwingereza "aki-table" hoja anaileta mezani ijadiliwe sasa. Mmarekani anaiweka kando. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa pande hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja kwa sababu ya neno hilo, kabla ya kugundua kuwa wote walitaka kitu kimoja. Bunge la Kenya linafuata matumizi ya Kiingereza cha Uingereza.

Mengine yana makazi yake. Hakimu na spika wao "adjourn" kikao. Mwanafunzi anayesogeza masomo mwaka mmoja "defers". Mradi uliokosa fedha huwa "shelved", umepandishwa rafuni, na mara nyingi hauteremki.

"Rain check" lilitoka kwenye besiboli ya Marekani, karne ya 19: mvua ikiharibu mchezo, mtazamaji alipewa kipande cha tiketi cha kuingilia siku nyingine bila kulipa tena. Leo rafiki akikualika chakula nawe huwezi, unajibu "Can I take a rain check?" Unaomba mwaliko ubaki hai, japo wengi hulitumia kukataa kwa adabu, kwa hiyo ukijibiwa hivyo usianze kuhesabu siku.