Tiba ya peptidi kwa macho: ni nini, na inasaidia wapi

Peptidi ni kipande kifupi cha protini: asidi za amino chache, kwa kawaida zisizozidi 50, zilizoungana mstari mmoja. Mwili hutengeneza peptidi za kila namna. Zinazotuhusu hapa ni zile zinazoua bakteria, na baadhi yake, kama defensini na LL-37, hutolewa na ngozi laini inayofunika jicho.

Namna zinavyoua ndipo penye utamu. Nyingi zina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi, basi hujikuta zimeunasa na kuupenya. Utando ukishatobolewa, bakteria huwa mtumbwi uliotoboka: vya ndani vinatoka, vya nje vinaingia, naye anakufa. Seli zetu kwa nje hazina chaji hasi kiasi hicho, kwa hiyo nyingi husalimika. Nasema nyingi, kwa kuwa dozi ikizidi hata konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huumia.

Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, alieleza peptidi alizozipata kwenye ngozi ya chura wa Afrika, Xenopus laevis. Kilichomshangaza ni kwamba vyura aliowapasua walirudishwa kwenye maji machafu na vidonda vyao havikuoza.

Lakini usidhani ni jambo geni kwa macho. Polimiksini B, basitrasini na gramisidini ni peptidi, na zimo katika matone na malhamu za macho tangu zamani. Polimiksini B huwakabili vizuri Pseudomonas, bakteria wanaowaandama wavaaji wa lenzi za kubandika.

Peptidi mpya zinazotafitiwa huitwa tiba saidizi, maana yake hazisimami peke yake. Mtu mwenye kidonda cha konea kilicholetwa na bakteria hutibiwa kwa matone ya antibiotiki, mwanzoni pengine kila saa, usiku na mchana. Peptidi hizo mpya zinakusudiwa kuongezwa juu ya hapo: zitoboe utando ili antibiotiki ipenye kwa wepesi, na nyingine, kama LL-37, zisaidie kidonda kufunga. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko maabara na kwa wanyama. Vikwazo bado vipo: chumvi ya machozi huzidhoofisha peptidi hizi, vimeng'enya huzikatakata, na tone lenyewe huoshwa na machozi ndani ya dakika chache.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kulielewa hili. Macho mekundu yalipozagaa Pwani mapema 2024, watu walikimbilia maduka ya dawa kuulizia matone. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na antibiotiki, iwe ya peptidi au si ya peptidi, haimgusi kirusi. Mengi ya macho hayo hupona yenyewe kwa usafi na subira. Ila ukiona maumivu makali, mwanga unachoma, unaona ukungu, au doa jeupe limetokea kwenye jeusi la jicho, usingoje kesho: nenda Hospitali Kuu ya Pwani au kliniki yoyote ya macho. Matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe na wekundu, ya kuazima kwa jirani yaache kabisa, maana kidonda cha fangasi huzidi kwayo.

Vile vichupa vya peptidi vinavyouzwa mitandaoni, vya unga wa kuchanganya na kujidunga, si dawa ya macho. Tone la jicho lazima liwe halina kijidudu hata kimoja na kipimo chake kijulikane, na kichupa cha namna hiyo hakina anayekudhamini kwa lolote kati ya hayo.