Uzito wa Mbio Hausomwi kwenye Mzani wa Stendi

Kila yanapokaribia mashindano ya mbio ndefu hapa Mbeya, kliniki yetu ya lishe hupokea swali moja ambalo sasa limekuwa la kila siku: "Mtaalamu, nikimbie nikiwa na kilo ngapi?" Mara nyingi muulizaji ameshapima uzito kwa mzani wa kando ya barabara pale stendi ya Kabwe, saa kumi jioni, akiwa na viatu na koti, chakula cha mchana kikiwa bado tumboni, na anachotaka ni namba nyingine ya kulinganisha na hiyo. Namba hiyo hatuitoi, na tunaomba wananchi waelewe kwamba hakuna anayewaficha.

Uzito unaofaa kwa mbio ni wigo wa kilo mbili au tatu, ambao ndani yake mkimbiaji humaliza mazoezi yake yote ya wiki, hulala vizuri, haumwi ovyo, haumii mifupa, na hupata muda mzuri. Wigo huo unatokana na kumbukumbu zake mwenyewe za msimu mmoja au miwili. Tangu Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, wapo wanaokuja wakitaka kuiga uzito wake. Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42.195, na sijui ni mzani gani mtu angeutumia kuieleza tofauti hiyo.

Ni kweli kwamba uzito una gharama. Kukimbia kwenye tambarare hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na anayepanda barabara ya Chunya kuelekea Kawetere huilipa gharama hiyo kwa ukali zaidi. Mtu wa kilo 60 anayepunguza kilo moja ya mafuta ya ziada hupata nafuu ya chini kidogo ya asilimia mbili, nayo si haba. Tatizo ni kwamba mzani hausemi kilo iliyoondoka ilikuwa ya nini. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya wanga, hivyo anayeacha ugali na viazi Jumatatu anaweza kuona kilo moja na nusu imeondoka kufikia Alhamisi na kushangilia, ilhali mafuta yako palepale na kilichopungua ni akiba ya kukimbilia. Huyo ndiye tunayemwona akitembea kuanzia kilomita ya 30.

Hesabu ambayo tungependa kila kocha aijue ni hii. Chukua mkimbiaji wa kike mwenye kilo 50, ambaye asilimia 20 ya mwili wake ni mafuta; mwili usio mafuta ni kilo 40. Ili viungo vyake vifanye kazi ipasavyo anahitaji takriban kilokalori 45 kwa kila kilo ya hizo 40, yaani 1,800, mbali na nishati ya mazoezi. Akikimbia kilomita 12 anatumia kilokalori 600, kwa hiyo chakula chake cha siku kinapaswa kufika 2,400. Sasa mwanamke huyo ameambiwa apungue, anakunywa chai ya rangi asubuhi, anakula wali kidogo mchana na matunda jioni, jumla kilokalori 1,700. Ondoa 600 za mazoezi, zinabaki 1,100, ambazo ukizigawa kwa 40 ni 27.5. Chini ya 30 mwili huanza kubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa umeme wa Luku: homoni za uzazi hushuka, mifupa hukosa matengenezo, kinga hudhoofu, na hasira za bure hujitokeza. Pengo lake ni kilokalori 700, sawa na karibu gramu 200 za unga wa mahindi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii ya upungufu wa nishati michezoni jina rasmi, RED-S, mwaka 2014 na ikahuisha mwongozo wake mwaka 2018 na 2023, ikisisitiza kwamba wanaume pia huipata.

Hapa naomba nieleweke. Hedhi kukoma si ishara kwamba mazoezi yamekolea, na kocha anayemwambia binti hivyo anamdhuru. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, mhusika afike kituo cha afya, apimwe kwanza ujauzito, kisha lishe na homoni zichunguzwe. Wanafunzi wanaojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wasiwekewe lengo la kupunguza uzito kabisa, bado wanakua.

Suala la dawa za kukojoza linahitaji maelezo marefu, kwa kuwa linaendelea kufanyiwa mzaha. Wapo wanaonunua vidonge vya furosemide bila cheti cha daktari, wavimeze siku mbili kabla ya mbio ili wawe wepesi. Kinachotoka ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaitegemea kupiga kwa mpangilio; na kupoteza maji yanayofikia asilimia mbili ya uzito, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, kunatosha kupunguza kasi. Zaidi ya hapo, dawa hizo zimepigwa marufuku na Kanuni ya Dunia dhidi ya dawa zilizokatazwa michezoni, wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Ikionekana kwenye sampuli A, yaani sehemu ya mkojo inayopimwa kwanza, mwanamichezo hujulishwa kwa maandishi, ana haki ya kuomba sampuli B, sehemu iliyohifadhiwa, ifunguliwe, na ana haki ya kusikilizwa. Adhabu ya msingi kwa kosa la kwanza ni kufungiwa miaka miwili, inayopanda hadi minne ikithibitika kwamba alikusudia. Matokeo ya shindano husika hufutwa, medali na zawadi hurejeshwa, na wakati wa kifungo haruhusiwi kushiriki michezo iliyo chini ya mashirikisho hata kama kocha. Kauli ya "sikujua" haifuti kosa. Inaweza tu kupunguza adhabu. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa yake kwa kusoma makala haya. Amweleze daktari kwamba anashindana, ili abadilishiwe au aombewe kibali cha matumizi ya tiba kabla ya shindano.

Koti la mvua linalovaliwa kukimbia kwenye jua kali ili kutoa jasho liko katika kundi hilohilo, tofauti ni kwamba halina adhabu.

Anayehitaji kupungua kweli afanye hivyo mbali na shindano, asizidi nusu kilo kwa wiki, na amalize walau mwezi mmoja kabla. Apunguze chipsi, soda na ulanzi. Mlo wa baada ya mazoezi usiguswe, wala maharage, dagaa na maziwa, kwa kuwa misuli inahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katika mkoa wenye ndizi za Tukuyu na mchele wa Kyela, ni ajabu kidogo kuona mkimbiaji amedhoofika kwa hiari. Miezi ya Juni na Julai baridi hupunguza kiu, hivyo maji yanywewe hata bila kutamaniwa.

Kupima kufanyike asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, kwa mzani uleule, siku tatu kwa wiki, na wastani uandikwe kwenye daftari pamoja na kilomita, usingizi na hali ya mwili. Kupanda au kushuka kilo moja kati ya leo na kesho si habari.

Anayekuja kliniki alete daftari hilo, orodha ya dawa na virutubisho anavyotumia vikiwa kwenye vifungashio vyake, na kwa wanawake tarehe ya hedhi ya mwisho. Kocha anaweza kuambatana naye iwapo mkimbiaji ameridhia. Mwenye maumivu ya mfupa wa ugoko au wa wayo yanayoonekana mahali pamoja anapobonyeza kwa kidole asisubiri tarehe ya miadi. Aache kukimbia na aje siku hiyohiyo.