Ritani imegoma: kabla ya kugusa takwimu, jua aliyekataa ni nani

Ritani ya kodi ikigoma, wengi hukimbilia takwimu. Wanapunguza hapa, wanaongeza pale, mpaka alama nyekundu inatoweka na faili linapita. Hakuna kosa la gharama kubwa kuliko hilo. Mfumo ukishapokea takwimu isiyo ya kweli, aliyeitia sahihi ni wewe, si programu. Kwa hiyo usibadilishe tarakimu hata moja kabla hujajua kikwazo kiko wapi: kwenye fomu iliyo katika kompyuta yako, njiani kati ya kivinjari na seva, au kwenye kumbukumbu za mamlaka ya kodi.

Kutofautisha si kazi ngumu. Kosa linalotokea hata ukizima intaneti ni la fomu. Ukurasa ukibaki mweupe, ukizunguka bila mwisho au ukikurudisha kwenye nywila wakati wa kupakia, tatizo ni la njiani. Ukipewa msimbo wenye jina la kisanduku, au ritani ikapokelewa kisha ikarudishwa baadaye, maana yake data zako zimelinganishwa na kitu na hazikufanana nacho. Msimbo huo unakili kama ulivyo, pamoja na herufi na nukta zake. "Imekataa tu" haimsaidii mtu wa huduma kwa wateja, wala haikusaidii wewe ukitafuta maelezo kwenye mwongozo wa mfumo.

Jedwali linavyoharibu namba kimyakimya

Nitakaa hapa zaidi, maana sehemu kubwa ya makosa yanayosingiziwa programu ya kodi huzaliwa kwenye Excel, kabla programu yenyewe haijafunguliwa.

Excel hudhani kila kinachofanana na namba ni namba. Namba ya utambulisho inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo. Namba yenye tarakimu 12 au zaidi huonyeshwa kwa kifupi chenye herufi E katikati. Mbaya kuliko zote ni ile yenye tarakimu zaidi ya 15: kuanzia ya 16, kila tarakimu hugeuzwa sifuri, na haionekani kwa jicho kwa sababu urefu unabaki uleule. Ukibadilisha muundo wa kisanduku kuwa maandishi baada ya hapo, hupati kitu. Kilichopotea kimepotea.

Dawa ni kuzuia mapema. Usifungue faili la CSV (matini matupu yenye safu zinazotengwa kwa koma) kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda kwenye menyu ya Data, ingiza faili kama matini, na kabla ya kukubali weka safu zote za namba za utambulisho, ankara na akaunti kuwa maandishi. Ukimaliza, tumia =LEN(A2) kuhesabu herufi za kila namba; kama zote zinapaswa kuwa na urefu mmoja, mkosaji ataonekana mara moja. Na ukitaka kuhakiki CSV uliyohifadhi, ifungue kwa Notepad. Ukiifungua tena kwa Excel na kuihifadhi, umerudia uharibifu uleule.

Tarehe zina ujanja wake. Faili linalotumia siku kwanza, likifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa mwezi kwanza, haliharibiki lote. Tarehe 25/03/2024 inabaki kama maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 25, lakini 05/03/2024 inageuka kuwa Mei 3 bila kelele. Hivyo mfumo unalalamikia nusu ya mistari, wewe unairekebisha hiyo, na ile nusu nyingine iliyogeuka inapita ikiwa na ankara za Machi ndani ya Mei. Kila unapoona baadhi ya tarehe zimelala kushoto na nyingine kulia kwenye safu moja, usirekebishe moja moja. Ingiza safu nzima upya ukitaja mpangilio wa siku, mwezi, mwaka.

Koma na nukta vilevile. Kwenye mipangilio ya nchi nyingine, koma ndiyo hutenga desimali na nukta hutenga maelfu. Programu iliyozoea hivyo itasoma 1.250 kuwa elfu moja mia mbili hamsini, na nyingine itaisoma kuwa moja na robo. Toa vitenganishi vyote vya maelfu kabla ya kupakia. Acha tarakimu tupu na kitenganishi kimoja tu cha desimali.

Halafu kuna nafasi isiyoonekana. Jina au namba uliyonakili kutoka ukurasa wa tovuti au PDF mara nyingi hubeba nafasi ya aina ya pekee ambayo TRIM, fomula ya kuondoa nafasi zilizozidi, peke yake haiiondoi. Kwa macho namba mbili ni pacha, kwa mfumo ni watu wawili. Tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")), kisha bandika matokeo kama thamani tu. Kiasi kilicholala kushoto ndani ya kisanduku nacho kikague kwa =ISNUMBER(C2); jibu likiwa FALSE, hicho ni maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, imekiruka bila kukuambia.

Kama mfumo unapokea XML (faili la matini ambalo kila taarifa hufungwa kwa alama maalumu), alama ya & ndani ya jina la msambazaji inatosha kuangusha faili zima, kwa kuwa ndani ya XML alama hiyo ina kazi yake. Programu nzuri huigeuza yenyewe. Isiyofanya hivyo, andika "na" badala yake, au &amp; kama unahariri faili kwa mkono.

Fomu yenye makro isiyotaka kufunguka

Fomu nyingi za kupakua hutegemea makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili la Excel, kuhakiki na kutengeneza faili la kupakia. Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia kwa kawaida makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, ndiyo maana kitufe cha kuhakiki unakibofya na hakuna kinachotokea. Funga faili, libofye kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na chini kabisa weka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa kizuizi. Fanya hivyo kwa fomu uliyoipakua mwenyewe kutoka tovuti rasmi pekee; iliyotumwa kwenye kundi la ujumbe iache, hata kama aliyeituma unamfahamu. Excel ya simu na ile ya kwenye kivinjari haziendeshi makro hizo, kwa hiyo usipoteze jioni nzima huko.

Ukishaifungua, jaza kwa kubandika thamani tu. Kubandika kwa kawaida huleta muundo wa kisanduku cha zamani na kufuta masharti ya uhakiki yaliyowekwa na watengenezaji, na hapo fomu inakubali kila kitu kisha seva inakataa. Usiache mstari mtupu katikati, maana makro nyingi husoma mpaka pale panapokatika na kuishia hapo. Jina la faili lililotengenezwa na fomu usilibadilishe, na ZIP usiifungue na kuifunga upya. Tena hakikisha toleo la fomu ni la mwaka unaouripoti. Fomu ya mwaka jana ina viwango na madaraja ya mwaka jana.

Njiani

Hapa sina mengi. Dirisha jipya likikataa kufunguka, ruhusu madirisha ibukizi kwa tovuti hiyo. Ukurasa ukionyesha takwimu za zamani, futa kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa na kivinjari) au jaribu dirisha la faragha. Usifungue ritani moja kwenye vichupo viwili, na usitumie kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari. Mifumo mingi huhesabu hilo kama kikao kilichovunjika. Hifadhi rasimu kila baada ya ukurasa, kwa kuwa kikao hufa ukikaa kimya muda mrefu.

Msimbo wa uthibitisho unaotoka kwenye programu ya simu ukikataliwa kila mara, angalia saa ya simu. Misimbo hiyo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 na hukokotolewa kwa kutumia saa. Simu iliyochelewa dakika mbili hutoa misimbo iliyokwisha muda. Weka saa ijipange yenyewe, na tatizo limekwisha.

Data zisipofanana na za upande wa pili

Hii ndiyo aina inayohitaji utulivu. Kodi ya zuio, ile ambayo mteja huikata kwenye malipo yako na kuiwasilisha kwa mamlaka, ni mfano mzuri. Umefanya kazi ya 100,000, mteja akakata asilimia 10, ukapokea 90,000. Ukiandika mapato 90,000 na kudai 10,000 iliyokatwa, umepunguza mapato yako na wakati huohuo kudai kodi ya mapato usiyoyataja. Mapato ni 100,000. Na kama dai lako la 10,000 halionekani kwenye mfumo, usilifute wala usilibanie kwenye kisanduku kingine. Mtake mteja akuonyeshe uthibitisho wa kuwasilisha: mara nyingi ameandika namba yako vibaya, ameliweka kwenye kipindi kingine, au amekata bila kuwasilisha. Marekebisho yanatakiwa yatoke kwake, si kwako.

Kwa hasara au salio la kubeba kutoka mwaka uliopita, takwimu inayotakiwa ni ile iliyo kwenye ritani iliyokubaliwa mwisho. Kama mwaka jana ulituma ritani ya marekebisho, au mamlaka ilikukadiria upya, kitabu chako na mfumo havitalingana. Chapisha nakala kutoka kwenye mfumo uanzie hapo.

Kodi ya ongezeko la thamani ina mtego wa bei yenye kodi ndani. Kiwango kikiwa asilimia 20 na bei kamili 120,000, kodi iliyomo ni 120,000 × 20 ÷ 120, yaani 20,000. Ukipiga asilimia 20 ya 120,000 unapata 24,000, na tofauti hiyo inaongezeka kwa kila risiti.

Tofauti ndogo sana husababishwa na kukadiria desimali. Bidhaa ya 12.43 kwa asilimia 20 ni 2.486, inayoandikwa 2.49. Mistari 300 ya namna hiyo inatoa 747.00. Ukijumlisha kwanza, 3,729 kwa asilimia 20 ni 745.80. Hakuna aliyekosea, ni njia mbili. Soma mwongozo uone mfumo unataka ukadirie kwa kila mstari au kwa jumla, kisha panga programu yako ifanye hivyohivyo kwa ROUND, si kwa kuficha desimali kwenye muonekano.

Tofauti ikiwa kubwa, igawe kwanza kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizopishana: 5,400 iliyoandikwa 4,500 inaacha 900. Sifuri iliyozidi au kupungua mwishoni nayo huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Isipogawanyika, igawe kwa 2 na utafute kiasi hicho kwenye vitabu. Ukikikuta, pengine kimeingia kwa alama isiyo yake, kujumlisha mahali pa kutoa. Mbinu hizi ni za zamani kuliko kompyuta, na bado zinanipendeza kuliko kupitia mistari yote.

Imetumwa si imekubaliwa

Rasimu, imetumwa, imepokelewa, imekubaliwa: soma hali halisi iliyoandikwa. Mtu akibofya kutuma na kufunga kompyuta kabla ya namba ya mapokezi kutokea, hana ushahidi. Lakini pia usibofye tena kwa wasiwasi. Toka, ingia upya, angalia orodha ya ritani zilizowasilishwa. Kama ipo, pakua risiti. Kama haipo, ndipo utume tena.

Kuwasilisha na kulipa ni mambo mawili. Malipo yaliyofika benki lakini hayaonekani kwenye akaunti yako ya kodi mara nyingi huwa yameangukia aina nyingine ya kodi au kipindi kingine, kwa sababu namba ya malipo ilitengenezwa hivyo. Usilipe mara ya pili. Omba malipo yahamishwe, ukiambatisha risiti ya benki na namba hiyo.

Ukigundua kosa baada ya kukubaliwa, tuma ritani ya marekebisho, ila soma kwanza maelekezo. Kwa kawaida mpya inachukua nafasi ya zamani yote, hivyo unajaza kila kitu upya. Anayeandika tofauti tu kwenye mfumo wa namna hiyo hujikuta amefuta mapato ya mwaka mzima.

Na siku ya mwisho, saa inayohesabiwa ni ya seva, si ya ukutani kwako. Mfumo ukilemewa, jaribu zaidi ya mara moja kwa saa tofauti, na kila mara piga picha ya skrini nzima inayoonyesha tarehe, saa, anwani ya ukurasa na ujumbe wa kosa. Kabla ya muda kwisha tuma barua pepe kwa huduma kwa wateja ukiambatisha picha hizo pamoja na faili lenyewe la ritani, kisha hifadhi namba ya malalamiko utakayopewa. Ukitozwa faini, barua hiyo ndiyo kiambatisho cha kwanza cha ombi lako la kusamehewa.