Lengalenga na maana ya "kuongeza damu"

Chakula cha kuongeza damu ni kile kinachoupa mwili vitu vya kutengenezea chembe nyekundu, hasa chuma, foleti (vitamini B9), vitamini B12 na protini. Lengalenga, ile Watanzania wanayoiita mchicha, ina chuma na foleti. B12 haina kabisa, na protini yake ni gramu 2.5 hivi katika gramu 100 za majani mabichi. Wanaotaja gramu 13 wamechukua hesabu ya mbegu kavu, si ya majani yanayouzwa kwa fungu sokoni Kadutu, Bukavu.

Linalosumbua zaidi ni habari ya rangi. Utasikia kwamba lengalenga nyekundu ndiyo yenye damu kuliko ya kijani, na kwamba maji yaliyoichemsha yasimwagwe, apewe mama aliyetoka kuzaa. Wekundu ule ni betasianini, rangi ya jamii moja na ile ya betaravu, na haina chuma ndani yake. Inayeyuka upesi majini, ndiyo maana sufuria inakuwa nyekundu hata jani halijalainika. Chuma kingi kinabaki kwenye jani. Kinachotoka pamoja na rangi ni oksaleti, kitu ambacho mwenye mawe ya figo anatakiwa kukikwepa. Kwa hiyo kikombe cha maji yale kinampa mama rangi nyingi na chuma kidogo sana, na yeye ndiye anayehitaji chuma.

Tena, chuma kilicho kwenye jani hakifiki chote kwenye damu. Gramu 100 mbichi zina miligramu 2.3 hivi, na mwili unachukua sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Ili kichukuliwe zaidi, osha majani kabla ya kukata, yachemshe dakika 5 tu, uyaunge kwa kitunguu, nyanya na kijiko cha mawese. Tia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, maana ndizo zinazoleta B12. Ndimu ikamuliwe baada ya kuipua, kwa sababu vitamini C yake inaharibiwa na moto. Chai ingoje saa moja au mbili, inazuia chuma kisichukuliwe.

Mtoto aliyepauka viganja ni jambo lingine. Huenda ni malaria, minyoo, au drepanositozi (selimundu), ambapo chembe zinavunjika zenyewe hata kama chuma kinatosha. Huyo apelekwe kituo cha afya apimwe damu kwanza. Lengalenga aendelee kula, iwe nyekundu au ya kijani.