Beladona si mnavu

Nimelisikia tena, safari hii kwa mtu ninayemheshimu: eti mnavu tunaopika ndio ile sumu ambayo wanawake wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa wakijitia machoni ili wapendeze. Sivyo, na kosa hili linawaogopesha watu mboga njema bure.

Beladona ni mmea wa Ulaya na Asia ya Magharibi wenye sumu iitwayo atropini. Tone la maji yake hulegeza msuli unaobana mboni, mboni ikatanuka, jicho likaonekana jeusi na la kuvutia. Aliyejitia aliumizwa na mwanga na hakuweza kusoma maandishi ya karibu. Mwenye presha ya macho angeweza hata kupofuka.

Jina lenyewe lina mambo. Bella donna ni Kiitaliano, maana yake mwanamke mzuri. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alilibakiza jina hilo lakini akalitanguliza lingine: Atropa. Hilo limetokana na Atropos, mmoja wa ndugu watatu wa kike katika ngano za Wayunani, ambaye kazi yake ni kuukata uzi wa uhai wa mtu. Kwa hiyo uzuri na kifo vimekaa katika jina moja, Atropa belladonna, na hiyo nusu ya kifo ndiyo iliyoipa atropini jina lake ilipotenganishwa na mmea huko Ujerumani miaka ya 1830.

Sasa mnavu umeingiaje? Umeingizwa na Kiingereza, ambacho huita mimea yote miwili kwa jina moja, neno kwa neno “kivuli cha usiku”, kisha beladona ikaongezewa sifa ya kuua. Anayetafsiri kwa haraka huiacha ile sifa. Ni kweli mimea hii ni ya ukoo mmoja, lakini ukoo huohuo una nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, na hakuna anayevikimbia.

Itazame shambani. Mnavu una maua madogo meupe kama nyota, na vitunda vyake vidogo hukaa kwa vishada. Ua la beladona ni la zambarau iliyofifia, limeinama kama kengele, na tunda lake jeusi linalong'aa hukaa peke yake, kubwa kama cheri. Utamu wake ndio huwaponza watoto.

Ukisema mnavu una ndugu mwenye sumu, umesema kweli. Ongeza pia kwamba vitunda vibichi vya mnavu visiliwe. Lakini majani yachemshe, umwage maji ya kwanza kama ni machungu, kisha uyaunge kwa nazi au maziwa kama walivyokufundisha nyumbani.