Je, wajua? California gari yako inaweza kufeli kipimo cha moshi bila mtu kuupima huo moshi

Mimi nilikuwa naamini hivi: masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi, catalytic converter) yakifa unafunga mengine, hata yasiwe jenyuini, ilimradi moshi utoke msafi unapita. Ndo nilivyomshauri shemeji yangu wa Sacramento na gari yake ya 2006, akaagiza ya bei chee, akaenda kupima akafeli. Mpaka leo kila tukikutana lazima anikumbushie.

Kosa langu nilidhani kuna fundi anachomeka kipimo kwenye ekzosi. Zamani ndivyo ilivyokuwa, na gari za petroli za 1976 hadi 1999 bado ekzosi inapimwa, ila tangu Machi 2015 za mwaka 2000 na kuendelea wanachomeka waya chini ya usukani wanaongea na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, basi. Gesi ya ekzosi haipimwi! Unaweza ukawa na gesi safi kuliko jirani na ukafeli, yeye akapita.

Sasa kontroli boksi inajuaje masega ni mazima wakati haina kipimo cha uchafu? Inakisia, na hapa ndo utamu ulipo. Kuna oksijeni sensa mbili, moja kabla ya masega, nyingine baada. Injini haikai kwenye mchanganyiko mmoja, inayumba kuzunguka kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, mara hewa izidi mara petroli izidi. Masega yamepakwa kitu kinaitwa seria ambacho oksijeni ikizidi kinainyonya, ikipungua kinaitoa.

Chukulia nyumba ya mgao wa maji. Bomba la mtaani linatoka, linakata, linatoka, linakata, lakini kama juu una simtanki kubwa aliye jikoni anafungua koki maji yanatiririka tu, hana habari na mgao. Ukiweka kindoo badala ya simtanki, kila mgao ukikata jikoni kunakauka. Sensa ya nyuma ndo huyo aliye jikoni. Ikitulia, kontroli boksi inasema tanki kubwa lipo, ikianza kuyumba kama ya mbele inasema hamna tanki, taa ya cheki injini inawaka na kodi (namba ya kosa) P0420. Masega ya bei chee mara nyingi yamebaniwa seria pamoja na madini yanayosafisha gesi, kwa hiyo yanaweza kusafisha gesi vizuri tu yakiwa mapya na bado yakaonekana kindoo. Sio kila P0420 ni masega lakini, ekzosi ikivuja karibu na sensa inavuta hewa ya nje na kuidanganya.

Halafu kuna mhuri. Kama masega si jenyuini, fundi anaingia uvunguni kutafuta namba ya kibali cha CARB, mamlaka ya hewa ya California, na lazima iendane na gari yako. Masega ya kiwango cha shirikisho, yanayouzwa majimbo mengine, hayana namba hiyo, na waranti yake ya kusafisha ni maili 25,000 wakati ya California ni miaka 5 au maili 50,000. Namba hamna, umefeli, hata sensa zikitulia tuli.

Kufuta kodi kabla ya kipimo nako hakusaidii, kontroli boksi inaanza upya na kujibu kwamba bado haijamaliza kujipima, nako ni kufeli. Shemeji alichomoa betri asubuhi ile ile, ndo kufuta kodi kwenyewe. Ushauri wangu pia.