Maveterani Wakatoliki wa Marekani: yanayosemwa na yaliyopo

Mswahili anayehamia Marekani na kuanza kusali katika parokia ya huko hukutana nao mapema: wazee wenye kofia za kitambaa zilizotariziwa nembo, wamesimama mlangoni mwa kanisa Jumapili moja ya Novemba, wakiwa na bendera mbili, ya taifa na ya chama chao. Kwa mtu aliyekulia Tanzania, ambako mwanajeshi mstaafu huonekana zaidi kwenye gwaride la Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, kuliko kwenye ibada ya Jumapili, jambo hilo huzaa maswali, na maswali yasiyopata wa kuyajibu hujijibu yenyewe kwa uvumi. Yafuatayo ni baadhi ya yale ambayo nimeyasikia yakisemwa, pamoja na hali ilivyo.

“Ni jeshi la Kanisa.”

Chama chenyewe kinaitwa Catholic War Veterans. Kilianzishwa mwaka 1935 huko Astoria, katika eneo la Queens jijini New York, na Monsinyori Edward Higgins, aliyewahi kuwa kapelani wa jeshi (padre anayewahudumia wanajeshi) wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kaulimbiu yake hutaja mambo matatu: Mungu, nchi na nyumbani. Si kikosi, na hakuna askofu wala jenerali anayekipa amri ya kwenda popote. Viongozi wa matawi huitwa makamanda, lakini huchaguliwa kwa kura kama anavyochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, na kwa jinsi wanachama wanavyozeeka, vita kubwa ya kamanda wa tawi siku hizi ni kutimiza akidi ya mkutano. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilikipa chama hati ya kukitambua, na wapo wanaodhani kwamba hati hiyo ilikifanya kiwe idara ya serikali. Hati ya namna hiyo ni utambulisho wa heshima; haikiweki chama chini ya wizara wala haikipi ruzuku, ndiyo maana matawi huishi kwa ada za wanachama, michango ya waamini na kifungua kinywa kinachouzwa ukumbini baada ya Misa.

Kisichanganywe pia na Knights of Columbus, chama cha kidugu cha wanaume Wakatoliki kilichoanzishwa na Padre Michael McGivney mwaka 1882 huko New Haven, Connecticut. Huko mtu hahitaji kuwa amevaa sare ya jeshi. Wapo walio wanachama wa vyote viwili, na pengine mkanganyiko unatokana na hao.

“Wanaweka taifa mbele ya Mungu.”

Hii ndiyo dhana nzito kuliko zote, na jibu lake huonekana mlangoni mwa kanisa siku ya mazishi. Jeneza la mwanajeshi mstaafu hufika likiwa limefunikwa kwa bendera ya taifa yenye upana wa futi 5 na urefu wa futi 9 na nusu, sehemu ya buluu yenye nyota ikiwa upande wa kichwani, juu ya bega la kushoto la marehemu. Hapo mlangoni msafara husimama. Taratibu za mazishi ya Kikatoliki nchini humo zinaagiza kwamba bendera za mataifa na alama za vyama ziondolewe kabla jeneza halijaingia kanisani. Bendera hukunjwa na kuwekwa kando, paroko hunyunyizia jeneza maji ya baraka, kisha ndugu hutandaza juu yake kitambaa cheupe kinachokumbusha vazi la ubatizo. Ndani ya kanisa, jenerali na mpishi wa kambini hufunikwa kwa kitambaa cha aina moja. Misa ikiisha na jeneza likishavuka mlango kutoka nje, bendera inaweza kurudishwa, na heshima za kijeshi hufuata makaburini.

Nilimwona mzee mmoja, mikono ikimtetemeka, akiufungua na kuufunga upya mkunjo wa mwisho mara tatu kwa sababu ncha nyekundu ilikuwa ikichungulia. Bendera iliyokunjwa sawasawa huwa pembetatu inayoonyesha buluu na nyota tupu, bila mstari wowote mwekundu. Hakuna aliyemharakisha.

Kuhusu mikunjo hiyo 13, kuna karatasi zinazosambazwa zikidai kwamba kila mmoja una maana yake ya kidini: huu ni uzima, ule ni uzima wa milele, mwingine ni heshima kwa mama. Maneno ni mazuri na baadhi ya matawi huyasoma makaburini, lakini sheria ya bendera ya Marekani haiyatambui. Ni utungo wa watu. Vivyo hivyo ile milio ya bunduki ambayo wengi huiita mizinga 21. Bunduki saba zikifyatuliwa mara tatu hutoa milio 21, na hesabu hiyo ndiyo inayopotosha, kwa kuwa mizinga 21 ni salamu ya wakuu wa nchi na hupigwa kwa mizinga kweli. Makaburini hupigwa mikupuo mitatu, iwe bunduki ni saba, tano au tatu, na inasimuliwa kuwa asili yake ni desturi ya zamani ya kusimamisha mapigano ili kila upande ukusanye maiti zake, kisha kupiga mikupuo mitatu kujulisha kwamba kazi hiyo imekwisha.

Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000 inaipa familia ya mwanajeshi mstaafu anayestahili haki ya kupata walau wanajeshi wawili wa kukunja na kukabidhi bendera, pamoja na wimbo wa tarumbeta uitwao Taps, wenye noti 24 tu, uliopangwa mwaka 1862 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kikosi cha bunduki hakimo katika kiwango hicho cha chini. Mara nyingi wazee wa vyama hivi ndio wanaolijaza pengo hilo, katika baridi ya Januari, wengine wakiwa na zaidi ya miaka 75.

“Kuwaheshimu wanajeshi ni kubariki vita.”

Katekisimu ya Kanisa Katoliki hailichukulii jambo hili kwa wepesi. Namba 2309 inaweka masharti makali ya kujilinda kwa silaha. Namba 2310 inasema kwamba wanaotumikia jeshini, wakitimiza wajibu wao kwa heshima, wanachangia manufaa ya wote na amani. Na namba 2311, ambayo husahaulika, inataka mamlaka ziwajali pia wanaokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri. Zote tatu zimo katika kitabu kimoja, na anayesoma moja akaacha nyingine amesoma nusu.

Kalenda nayo ina lake la kusema. Tarehe 11 Novemba, ambayo Wamarekani huwaheshimu wastaafu wote wa jeshi, ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari wa Kirumi aliyekata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu yake, na baadaye akaacha jeshi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya mwaka 1918, bunduki zilipoamriwa kunyamaza Ulaya siku ya 11 ya mwezi wa 11, saa tano asubuhi. (Tafsiri nyingi huandika “saa kumi na moja”, ambayo kwa Mswahili ni alfajiri au jioni.) Huku kwetu vita havikuisha siku hiyo: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba.

Marekani iliipa siku hiyo jina la Veterans Day mwaka 1954, na ni ya wote waliotumikia, wakiwamo walio hai. Memorial Day ni nyingine, huadhimishwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, na ni ya waliokufa wakiwa kazini. Asubuhi yake bendera hupepea nusu mlingoti hadi saa sita mchana, kisha hupandishwa hadi juu. Kumpongeza mstaafu siku ya Mei kwa maneno ya furaha humtia katika hali ngumu, kwa kuwa yeye siku hiyo anawakumbuka wenzake aliowaacha.

“Padre anayekwenda vitani ni mpiganaji.”

Mikataba ya Geneva inawahesabu makapelani kuwa si wapiganaji. Padre Emil Kapaun wa Kansas alikamatwa mwaka 1950 katika vita vya Korea, na wafungwa wenzake waliorudi walisimulia jinsi alivyoiba chakula kwa ajili yao, alivyowafulia wagonjwa na alivyowaongoza katika sala zilizokatazwa. Alikufa kambini tarehe 23 Mei 1951. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake alipewa mwaka 2013, mifupa yake ikatambuliwa mwaka 2021, na ndipo akazikwa katika Kanisa Kuu la Wichita, miaka 70 baada ya kufa. Anakumbukwa kwa uji na maji, na hakuna tendo lake la silaha linalosimuliwa.

“Serikali inawatunza wote, chama ni cha sherehe tu.”

Mafao ya mwanajeshi mstaafu hayaji yenyewe. Huombwa kwa fomu, na fomu hudai ushahidi, kwanza kabisa ile hati ya kuachishwa utumishi inayoitwa DD 214. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala. Kwa walioachishwa Jeshi la Nchi Kavu kati ya Novemba 1912 na mwisho wa 1959, takriban asilimia 80 ya kumbukumbu zilipotea. Mzee aliyepigana Korea akiwa na miaka 19 anaweza leo kuambiwa kwamba faili lake ni majivu.

Kuanzia hapo kazi ni ya uchimbaji: hati za malipo, ripoti za kila siku za kombania, barua alizomwandikia mama yake, picha yenye nambari ya kikosi mgongoni, maelezo ya maandishi ya mwenzake aliyekuwa naye kwenye handaki. Idara ya maveterani hupokea ushahidi wa aina hiyo, lakini lazima awepo mtu wa kuutafuta na kuupanga, na mjane mwenye miaka 85 ambaye hajui mumewe alikuwa kikosi gani hawezi kuyafanya hayo peke yake. Mwanachama wa tawi humkalisha mezani ukumbini mwa parokia na kumuuliza polepole. Kisha humpeleka kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na idara, kwa kuwa si kila mwenye kofia anaruhusiwa kusimamia dai la mtu. Ombi la kwanza haliruhusiwi kutozwa ada. Anayedai asilimia ya mafao ili aandike ombi hilo ni wa kuepukwa, na hao wameongezeka tangu sheria ya tarehe 10 Agosti 2022 ilipopanua haki za waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistan na za waliopuliziwa dawa za kuua mimea huko Vietnam.

Msaada wao hauishii kwa wenzao. Ghala la chakula la parokia, makoti ya majira ya baridi na kutembelea wodi za hospitali ni kazi zao za kawaida, na mwenye njaa haulizwi cheti cha ubatizo.

“Hayo ni ya Wamarekani, sisi wahamiaji hayatuhusu.”

Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na jeshi la Marekani kabla hajapata uraia, na utumishi huo humfungulia njia ya kuupata. Mpango maalumu ulioendeshwa hadi mwaka 2016 uliwachukua hata wasio na ukaazi huo wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Sheria haimtaki mtu awe amefyatua risasi ili aitwe veterani. Hutazama kwamba alitumikia na hakuachishwa kwa fedheha. Kwa hiyo muuguzi mzaliwa wa Kakamega na fundi wa magari mzaliwa wa Bukoba wanahusika, wanawake kwa wanaume, ingawa wengi wao hupita mbele ya wale wazee wa mlangoni kila Jumapili bila kujitambulisha. Mwenye DD 214 aitunze pamoja na cheti cha ndoa, na mwenzi wake ajue ilipo.

“Heshima za mazishi ni kwa wenye familia.”

Katika makaburi ya taifa huzikwa pia waliokufa bila ndugu wa kuchukua miili yao. Wengine walikuwa wakilala barabarani. Jina hutangazwa, na wazee wa vyama huja, wa Kikatoliki, wa Kiyahudi, wa dini zote na wasio na dini, wakasimama pale ambapo ukoo ungesimama. Bendera hukunjwa vilevile, mikunjo 13. Kisha askari kijana hupiga goti na kusema maneno yaliyopangwa, kwa niaba ya Rais, ya jeshi na ya taifa lenye shukrani, akiomba ipokewe kama ishara ya kuthamini utumishi wa “mpendwa wako”. Na mzee aliye mbele yake, ambaye jina la marehemu alilisoma kwenye karatasi asubuhi ileile, huipokea kwa mikono miwili.